Dirisha Namba Tatu

Mashine ya kusaga ya Mzee Chihako
ilinilipa mshahara miaka kumi na tisa,
kisha nayo ikakata makato yake:
sikio la kushoto lote,
la kulia nusu na robo.

Sikulalamika. Mahindi yalisagika.
Lakini nenda benki, Newala mjini,
msimu wa malipo ya korosho,
uone uziwi wa mtu mmoja
unavyogeuka mali ya umma.

"BIBI SOMOE! MILIONI MOJA NA LAKI NNE!"

Kioo kati yetu, feni juu, jenereta nje,
na kijana ananipazia sauti
kama niko ng'ambo ya bonde na mto umefurika.
Foleni nzima ikageuka.
Hata korosho zangu hazikunadiwa hivyo.
Nilipofika nyumbani Kitangari
salio langu lilikuwa limeshatangulia,
limekaa barazani na mashemeji wawili,
linasubiri chai.

Mwaka huu wamebandika karatasi kwenye kioo:
sikio la buluu, mstari umelikata kati,
na herufi T pembeni.
Nikajua ni onyo. Viziwi mwisho hapa.

Fundi Dadi, bisibisi mdomoni, akacheka
mpaka bisibisi ikaanguka. Akaniandikia
nyuma ya fomu ya kuwekea fedha:
*Ni waya tu, mama. Umezunguka kaunta
kama shanga kiunoni, hauonekani.
Akisema yeye, waya unabeba,
shimesikio lako linadaka.
Bonyeza mpaka ufike T.*

Nikabonyeza.
Kimya cha kaburi.
Mlinzi alikuwa amechomoa plagi, anachaji simu.

Wiki iliyofuata, simu mbili.

Mara ya tatu nikabonyeza
na feni ikafa.
Jenereta ikafa.
Foleni ikafa na vikohozi vyake vyote,
na watoto wao, na mifuko yao ya nailoni.
Kisha humu, ndani ya fuvu,
karibu kuliko marehemu mume wangu alivyowahi kufika:
kalamu, tik.
Pumzi.
Mate yanamezwa.
Na sauti ya kijana, kichwa kakigeuzia dirisha la pili:
"Kiziwi wangu huyo, karudi.
Leo tena koo litanikauka."

Matusi ninayo. Kimakonde kina ghala zima.
Nikayaacha humo humo ghalani,
stakabadhi nikabaki nayo mkononi.
Nikainama kwenye kioo:
"Lisikukauke, mwanangu. Sema taratibu tu.
Leo nakusikia mpaka mate."

Akatazama karatasi.
Akatazama kile kimaikrofoni kama nyoka aliyelala mezani kwake tangu Juni.
Akanitazama mimi,
nadhani kwa mara ya kwanza tangu msimu wa mwaka juzi.
Jasho likamchomoza juu ya mdomo.

"Shikamoo."
"Marahaba."

Halafu akanong'ona.

Mara ya mwisho mtu kuninong'oneza
ilikuwa msibani, Mnyambe,
na sikujua nani kafa mpaka jioni,
nimeshalia, nimeshakula, nimeshamuuliza hali
mjane mwenyewe.

Akanong'ona tarakimu zangu moja moja,
kama mtu anayehesabu mayai gizani,
na zote zikafika, hata moja haikupasuka.
Salfa wamenikata. Mkopo wa pembejeo wamenikata.
Kilichobaki ni kidogo kuliko mwaka jana,
kidogo sana, nusu,
na ilikuwa habari mbaya tamu kuliko zote
nilizowahi kupewa,
maana hakuna shingo iliyogeuka.

Nikarudisha kitufe mahali pake.
Feni ikafufuka, jenereta, vikohozi, ulimwengu.
Nyuma yangu Mama Lukia,
jirani, shemeji kwa upande wa mjomba,
kidole mgongoni mwangu, mdomo kautanua
nimsome vizuri:
"Kasemaje? Shilingi ngapi?"

Nikaweka kiganja sikioni.
"Sijasikia," nikamwambia.